Mashine Isizimwe

Ipole, Sikonge
24 Februari 2025

Kwa Msimamizi wa Mfumo wa Magari ya Wagonjwa, Tabora.

Salamu.

Mimi ni Eustadia Mathias, muuguzi mkunga katika zahanati ya huku nje kidogo ya Ipole. Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya kazi wamenichukulia, na kwa simu yangu nimeshawapigia mpaka nimechoka. Napokelewa na msichana mwenye adabu anayesema nitatafutwa. Sijatafutwa. Bahasha hii naipeleka kwa basi, nikiamini kwamba karatasi ikishafika mezani kuna mtu ataifungua, hata kama ni kwa kutaka kujua ni ya nini.

Tarehe nane mwezi huu aliletwa Advera, mke wa Shilinde, kwa pikipiki. Ni mimba yake ya kwanza. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia kabla ya wakati na damu inatoka. Hilo si jambo la zahanati, ni la upasuaji. Nilibonyeza ombi la gari kwenye simu ya kazi papo hapo. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Nikafuta, nikabonyeza tena. Nikampigia dereva wa Sikonge, akaniambia, "Sista, bila agizo la mfumo siruhusiwi kuwasha gari, na hapa agizo sijaliona." Lilipomfikia, damu ya yule binti ilikuwa imeshalowanisha godoro na kushuka sakafuni.

Advera alipona. Mtoto hakupona.

Sasa kamati ya wilaya inasema kumbukumbu ya mfumo wenu inaonyesha niliomba gari karibu saa nzima baada ya mgonjwa kufika, na kwamba kumpigia dereva ni ushahidi kuwa nilijua utaratibu nikaupuuza. Nimesimamishwa kazi. Shilinde akipita mbele ya nyumba yangu hutazama upande wa pili.

Siombi huruma. Naomba mniambie mfumo wenu ulikuwa unafanya nini muda ule niliosimama na simu mkono mmoja, na mkono mwingine uko juu ya tumbo la Advera.

Eustadia Mathias


Tabora
3 Machi 2025

Sista Eustadia, shikamoo.

Jina langu ni Wafaa Azan. Mimi si msimamizi. Kazi yangu ni kuandika programu na kuitunza ile kompyuta kuu inayopokea maombi yenu. Barua yako ilizunguka meza zote za ofisi kabla ya kutua kwangu. Wenzangu walitaka nikujibu kwamba suala liko mbele ya kamati. Sitakujibu hivyo. Nakuandikia kutoka nyumbani, kwa karatasi, maana ofisini tunakaa chumba kimoja na nikishika simu kila mtu anasikia, na nyumbani ni hivyo hivyo.

Pole kwa yote. Sina neno la kumpa Advera, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Saa iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ni saa ambayo ombi lilipokelewa na kompyuta kuu. Siyo saa lilipotumwa. Kati ya hizo mbili kuna mlango, na nadhani ombi lako lilikuwa limekaa mlangoni.

Nisaidie jambo moja. Kabla ya siku hiyo, kiduara kiliwahi kuzunguka hivyo? Kila siku, au kuna vipindi?

Wafaa


Ipole
9 Machi 2025

Marahaba, Wafaa. Nakutakia mfungo mwema.

Kuna vipindi. Mkitutumia ujumbe kwamba mfumo utazimwa kwa matengenezo, siku zinazofuata huwa mwepesi, ukibonyeza, unajibu. Kisha unaanza uzito kidogo kidogo, mpaka wiki fulani unabonyeza na kwenda kunawa mikono ndipo urudi. Halafu mnazima tena, tunapumua. Nimewauliza wenzangu wa zahanati nyingine, wanasema hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tunalaumu mtandao na mvua.

Mtaalamu wa kamati alikuja huku wiki iliyopita. Alibonyeza mbele yangu, simu ikajibu hata kabla hajashusha kidole. Akanitazama.

Mume wangu Tobias anasema nikae kimya nisubiri uamuzi, Mungu atatetea. Nimemwambia Mungu atatetea akinikuta nimesimama.

Eustadia


Tabora
14 Machi 2025

Sista, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikaacha futari ikapoa. Nadhani nimejua. Nitakueleza polepole, maana mbele ya kamati lazima uielewe kama mimi.

Ndani ya kila kompyuta kuna programu moja inayozitawala nyingine zote. Tunaiita kiini. Kazi yake mojawapo ni kugawa nafasi ya kumbukumbu, si ile inayoandika saa, bali mahali ambapo kazi inafanyika wakati huu. Huigawa kwa vipande vidogo vilivyo sawa, vinaitwa kurasa. Programu kubwa ikihitaji kurasa nyingi mno, kiini huchoka kukumbuka kila ukurasa uko wapi. Ndiyo maana kuna kurasa kubwa: moja inachukua nafasi ya ndogo mia tano na zaidi. Kazi inakwenda kasi.

Sharti lake ni kwamba ukurasa mkubwa hukaa mahali pamoja, bila pengo. Fikiria kanisani kwenu ibada imeshaanza. Nafasi za mtu mmoja mmoja ziko tele, huku moja, kule moja. Inaingia familia ya watu kumi inataka benchi moja. Mzee wa kanisa afanyeje? Ataanza kuwasogeza watu, na familia itasimama mlangoni mpaka amalize.

Mashine ikitoka kuwashwa, mabenchi ni matupu. Ikikaa wiki kadhaa, nafasi ipo lakini imetawanyika. Yetu iliwekwa agizo kwamba kila programu ipewe kurasa kubwa daima, na kama hazipo, kiini kisimamishe kila kitu kizitafute. Ombi lako lilisimama mlangoni. Ulipofuta na kutuma upya, ukawa umeongeza foleni, na zahanati nyingine zilikuwa zinafanya vivyo hivyo.

Sasa habari mbaya. Kiini huwa kinahesabu kila mara kinapomsimamisha mtu kwa ajili hiyo. Hesabu hiyo ingekuwa ushahidi wako. Lakini mashine ilizimwa na kuwashwa alasiri ile ile ya tarehe nane, na hesabu ikaanza upya. Na kabla mtaalamu wa kamati hajaja ilizimwa tena, akapima mashine yenye mabenchi matupu.

Kwa hiyo nitachukua mashine nyingine kama ile, mpangilio ule ule, nitaizeesha. Nimeandika programu inayojifanya zahanati zote za mkoa, inaomba magari mchana na usiku kwa majina ya kubuni. Itachukua wiki kadhaa. Haitakiwi kuzimwa hata mara moja.

Wafaa


Ipole
27 Machi 2025

Wafaa,

Tobias alikuja mjini kuuza asali. Alimuuliza mwenye duka mmoja kama anamfahamu binti anayeitwa Wafaa Azan, wa kampuni ya magari ya wagonjwa. Mwenye duka akacheka: "Nani asiyemfahamu? Mtoto wa kaka yake Salmini. Salmini ndiye kampuni, na ndiye aliyemlea."

Nimezisoma barua zako upya. Hakuna mahali uliposema. Umeniuliza maswali, nimejibu yote. Sasa najiuliza majibu yangu yanasomwa na nani, na hiyo mashine unayoizeesha ni kwa ajili yangu au ni ya kunipotezea muda mpaka kamati ikae.

Usinijibu kwa mfano wa kanisa. Nijibu ndiyo au hapana: unamfanyia kazi nani?

Eustadia Mathias


Itetemia, Tabora
2 Aprili 2025

Sista Eustadia, shikamoo.

Ndiyo, Ami Salmini ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Ndiyo, kampuni ni yake, na aliyeweka agizo la kurasa kubwa ni mwanawe, Yaqoub, kwa nia njema. Alisoma mahali kwamba inaongeza kasi, na kwa kazi nyingine ni kweli. Mashine iliyozimwa tarehe nane aliizima yeye, kama anavyofanya kila ikiwa nzito. Barua zako hazijasomwa na mtu mwingine. Sikukuambia kwa sababu niliogopa usingenijibu.

Unauliza namfanyia kazi nani. Mshahara wangu unatoka kwa Ami. Mashine hii naizeesha ili ujulikane ukweli, na nimeitoa ofisini ili asiizime mtu. Iko hapa Itetemia kwa Bibi, mama yake mzazi Ami Salmini. Ami aliniruhusu kuichukua akidhani nalisafisha jina la kampuni. Bibi ameipa chumba cha wageni na ameifunika kitambaa cha meza, nimekiondoa mara kadhaa.

Lakini nimeshindwa mara mbili. Siku ya Idi umeme ulikatika, betri ndogo niliyokuja nayo kutoka ofisini ikahimili kidogo tu, ikazimika. Wiki mbili za kuzeesha zikapotea. Nikaanza upya, jana umeme ukakatika tena. Kamati inakaa katikati ya Mei. Nikipoteza tena, sitakuwa na mashine iliyozeeka ya kuwaonyesha.

Naanza upya leo. Sitaacha.

Wafaa


Ipole
7 Aprili 2025

Wafaa,

Tobias anakuletea betri ya sola na inveta yake. Ni kubwa, ya kuendesha kinu cha kukamua asali. Tuna nyingine, usiwe na wasiwasi. Iunganishe leo hii.

Ungeniambia tangu mwanzo ningekasirika kidogo. Ulivyonificha nimekasirika sana. Yamekwisha.

Eustadia


Itetemia
29 Aprili 2025

Shikamoo, mama.

Nakuita mama kwa sababu Tobias ametoboa siri. Bibi alimkaribisha chai, akamhoji kama hakimu, naye akasema kwamba betri nyingine hamna, kwamba toka siku ile mnakula jioni kwa mwanga wa kibatari na asali mnakamua kwa mkono. Ukanidanganya kwa mwandiko mzuri kabisa. Basi tuko sawa.

Umeme umekatika mara nyingi tangu betri ifike. Mashine haijui.

Sasa matokeo. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Kila ombi linajibiwa mara moja. Wiki ya pili, hesabu ya kusimamishwa ikaanza kupanda. Juzi, saa ya asubuhi ambapo zahanati zangu za kubuni zote zinaomba pamoja, ombi moja lilisimama, la nyuma yake likasimama, yakarudiwa, foleni ikafunga. Nilikaa nikiitazama. Ombi la kwanza kabisa lilipokuja kupokelewa, liliandikiwa saa ambayo haikuwa yake hata kidogo.

Nitakuwa mkweli kwako kama nitakavyokuwa kwao. Siwezi kuapa kwamba hiki ndicho kilichotokea tarehe nane. Ushahidi wa siku ile umekwenda. Ninachoweza ni kuwaonyesha mashine ya aina ile, mpangilio ule, ikifanya jambo lile uliloliandika kabla mimi sijalijua.

Nimemwambia Yaqoub. Alisoma hesabu, akasema, "Kaseme." Nadhani amemwambia na baba yake.

Wafaa


Tabora mjini
9 Mei 2025

Kwa Wafaa binti Azan,

Assalaam alaykum.

Yaqoub amenieleza. Nilikupa mashine ukaisaidie nyumba, nasikia utaipeleka Sikonge ikaseme dhidi ya nyumba. Kamati iliponiuliza, niliwaambia mashine ilikuwa nzima. Sasa nikuulize. Ukiiwasha mbele yao na isisimame, umeniaibisha bure. Ukiiwasha na ikasimama, umeniaibisha kwa haki. Njia zote mbili zinapita juu yangu.

Sikukatazi. Baba yako asingekukataza, na mimi nimekulea kwa niaba yake. Lakini uje nyumbani tuzungumze kwanza, kama watu.

Ami yako,
Salmini


Itetemia
10 Mei 2025

Ami, nakubusu mkono.

Nikija nyumbani utazungumza vizuri, nami nitalia, na tutakubaliana tusubiri. Kuna mwanamke Ipole asiyeweza kusubiri. Kwa hiyo njoo wewe huku kwa Bibi. Simu ya kuombea gari iko juu ya meza. Bonyeza kwa kidole chako, kisha uniambie nisiende.

Wafaa


Tabora
16 Mei 2025

Mama Eustadia, shikamoo.

Jana nilikutafuta mlangoni kwa kamati mpaka wakafunga mlango. Simu yako haikupatikana. Mwenyekiti aliandika "mtuhumiwa hakutokea," akaweka kalamu chini, na mtu mmoja pembeni akasema kwamba kutotokea nako ni jibu. Leo bado sijui ulikuwa wapi. Basi la kuelekea huko linaondoka asubuhi, nakuandikia ili ujue kilichopita hata kama hutaki kuniona.

Ami alikuja kwa Bibi. Alibonyeza, akakaa na simu mkononi kiduara kikizunguka, mpaka Bibi akaleta kahawa na kuiondoa. Asubuhi ya kamati alikuja na gari lake. Alikuwa ameelewa kwamba mashine haitakiwi kuzimwa hata njiani. Nikaketi nyuma na mashine, betri yako akaiweka miguuni pake mbele, Yaqoub akaendesha. Kila shimo la barabara ya Sikonge Ami alishikilia waya kwa mikono miwili, akimkemea Yaqoub taratibu.

Mle ndani nilimwomba mwenyekiti abonyeze mwenyewe. Kiduara kikazunguka. Akabonyeza tena. Mtu mmoja akasema, "Hii imekufa." Nikasema haijafa, inasogeza kurasa, na nikawaonyesha hesabu niliyoimulika ukutani ikipanda. Kiduara kikaendelea kuzunguka muda mrefu, na ulikuwa muda mrefu kweli, mama. Nadhani ndipo walipokuona, ingawa hukuwapo.

Ombi lilipopokelewa niliwaonyesha saa iliyoandikwa. Kisha, bila kuizima mashine, nikabadilisha agizo: kurasa kubwa zitolewe kwa programu inayoziomba tu, na kazi ya kusogeza ifanyike pembeni bila kumsimamisha mtu. Foleni ikaisha. Nikamwomba abonyeze tena. Ikajibu.

Mtaalamu wao alisogea, akasoma kila kitu kwenye kioo, akauliza maswali mazuri. Mwishoni akasema, "Mimi nilipima mashine iliyotoka kuwashwa. Taarifa yangu naiondoa."

Hapo Ami akasimama. Hakuwa ameitwa. Akasema, "Kampuni ni yangu. Mlipouliza kama mashine ilikuwa nzima, nilijibu ndiyo bila kumuuliza anayeijua. Andikeni hivyo, na jina langu." Akakaa. Njiani kurudi alilala, au alijifanya amelala.

Wamekusafisha. Barua ya kukurudisha kazini itaandikwa. Mashine kuu ya ofisini nimeshaibadilishia agizo, jana ile ile.

Ulikuwa wapi?

Wafaa


Ipole
18 Mei 2025

Mwanangu Wafaa,

Marahaba. Nilikuwa kituo cha basi na Tobias, nimevaa gauni la kanisani, nimeshakata tiketi. Akaja mtu kwa pikipiki kutoka kwa Getruda, binti aliyewekwa mahali pangu. Mwanamke amefika, mtoto ametanguliza makalio, na Getruda hajawahi kumpokea mtoto wa namna hiyo. Mtu aliyesimamishwa kazi hatakiwi kugusa mgonjwa, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Basi likapiga honi. Nikamwambia Tobias ashushe mkoba.

Sikuwaza kamati hata mara moja mpaka nilipokuwa nanawa mikono, baadaye. Mtoto ni wa kiume, alilia kwa hasira. Getruda aliomba gari kwa ile simu. Ombi halikujibiwa upesi, siku hiyo ulikuwa bado hujalibadilisha agizo. Lakini safari hii mama na mtoto hawakulihitaji. Waliondoka kesho yake kwa miguu yao. Nimeandika kwenye taarifa ya zahanati kwamba nilizalisha mimi, nikaweka sahihi. Wakitaka kunisimamisha tena, wana sababu ya kweli sasa.

Barua yako ilipofika niliisoma mara mbili, nikaenda nayo kwa Advera. Sikutaka asikie kwa watu. Nilimweleza yote, kurasa na foleni, na saa iliyoandikwa vibaya. Shilinde alikuwa amesimama mlangoni. Advera alisikiliza mpaka mwisho akipukuchua karanga. Kisha akaniuliza, "Gari lingekuja ulipoliita, angeishi?"

Nikamwambia sijui. Huenda. Akanitazama kuona kama namficha, akaona simfichi.

"Na atakayekuja baada yangu?"

Nikamwambia ombi lake litapokelewa. Barabara na dereva siwezi kumwahidi, lakini pale mlangoni hatasimama.

Shilinde aliingia ndani, akavuta kigoda, akakaa. Tulipukuchua karanga wote watatu mpaka zikaisha.

Mwambie Ami yako nimesikia alichosema, na wabeja, ndivyo tunavyoshukuru huku kwetu. Siku moja nitakuja nimwambie mwenyewe. Betri msiirudishe kwanza. Kama kuna zahanati nyingine zinazosubiri ukweli kama mimi, izeeshe mashine tena.

Barua ya kunirudisha bado haijafika. Leo ni Jumapili. Kesho asubuhi naingia kazini. Ikija, itanikuta huko.

Eustadia